Sheha Aliyesema Hatujui

Kabla serikali haijampa cheo cha kusimamia mtaa, sheha wetu alikuwa mtu wa kula majumbani mwa watu. Hapakuwa na khitma wala arusi mtaani kwetu Ng'ambo aliyoikosa. Kwenye arubaini ya mama yangu alikula pilau mara mbili, nikimpakulia mimi kwa mkono wangu. Basi mwaka ule wa uchaguzi nilipokwenda kwake kuomba barua ya ukaazi, ili nipate kitambulisho nami nijiandikishe kupiga kura, aliniangalia kama mtu anayeangalia ukuta, akasema:

"Bibi, mimi sikujui."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Mwenzangu hakucheka. Alikaa nyuma ya meza yake katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kalamu tatu zimepangwa mfukoni mwa shati, kana kwamba moja haitoshi kuandika uongo.

Mtaa mzima tulijua maana ya neno lile. Maana yake ni: najua kura yako inakwenda wapi. Nilirudi nyumbani nikamtukana mbele ya kuta zangu nne, kisha nikachukua sindano nikaendelea kushona kofia, ndiyo kazi yangu. Hilo nililiona linatosha.

Jirani yangu wa mlango wa pili naye aliambiwa "sikujui." Huyu alikuwa mkunga mstaafu, mama mtu mzima. Watoto wawili wa sheha walipita mikononi mwake. Wa pili alitanguliza miguu, na siku hiyo baba mtu alikuwa uani analia kama uchungu ni wake.

"Ukamwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia sawa. Nikakaa."

"Ukakaa wapi?"

"Pale barazani kwake. Ntakaa mpaka anijue. Adhuhuri nshakwenda kusali, kesho nnarudi."

Msimdhanie kuwa alikuwa mtu mpole. Alikuwa mkali, mgomvi, na wakati huo tulikuwa hatujasemezana vizuri wiki nzima kwa sababu ya maji ya kufulia niliyoyamwaga karibu na mlango wake. Nilimuuliza kwa nini asimpashe sheha mbele za watu, naye mdomo anao.

"Nikimtukana atafurahi," alisema. "Atapata la kunishitakia. Nikikaa ataandika nini? Kwamba nimekaa?"

Kesho yake nikafuatana naye, zaidi kwa udaku kuliko kwa ujasiri. Siku ya nne tulikuwa tisa, na baada ya wiki mbili baraza haikututosha, wengine wakakaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Mmoja anaingia, anatoa salamu: "Assalamu alaykum, bwana sheha." Muislamu haachi salamu bila jibu, kwa hiyo alijibu kila mara, meno yamekutana. "Nimekuja kuchukua barua yangu." "Sikujui." "Sawa." Anatoka anakaa, anaingia mwingine. Hapakuwa na wimbo wala bango. Mimi nilishona kofia zangu, wengine walisuka ukili wa mikeka, wengine walichambua mchele, na mkunga hakufanya kitu. Alimwangalia sheha tu.

Vijana wa maskani, wale wanaoshinda kijiweni wakibishana siasa, waliona tunapoteza wakati. Mmoja wao alikuja na shauri la kumpaka sheha kinyesi mlangoni.

"Mkimpaka kinyesi mtaa mzima utamwonea huruma," mkunga alimwambia. "Mie nataka wamwone alivyo, msafi hivyo hivyo."

Kisha akaja binamu yangu. Huyu ni msomi wa warsha. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya mapambano ya amani katika hoteli za Mji Mkongwe, na mara moja katika nchi ya baridi, akarudi na koti ambalo hapa kwetu hana pa kulivaa. Alituambia kwamba jambo tulilokuwa tukilifanya lina jina na lina hatua zake, na kwamba tumeruka hatua ya pili. Alitoa karatasi akachora nguzo zinazobeba dari, akasema dari ni mwenye cheo na nguzo ni wanaomtii, akatueleza namna ya kuamsha dhamiri ya mpinzani. Alizungumza mpaka kivuli kikatuhama. Alitaka pia tuvae fulana za rangi moja.

Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza, "Wewe barua yako unayo?"

"Ninayo."

"Kakupa nani?"

Binamu akakohoa. Barua yake ilitoka kwa sheha huyo huyo, tena mapema, kwa kuwa hakuwahi kumuudhi mtu yeyote mwenye muhuri.

"Basi kaa hapo tukae," mkunga akamwambia, akimwonyesha sakafu.

Binamu akaiangalia sakafu, akaiangalia suruali yake, akakumbuka kwamba anangojwa Shangani.

Hata hivyo, ile michoro yake haikuwa upuuzi wote. Nimeifikiri sana baadaye. Neno "sikujui" lilikuwa na nguvu kwa sababu kila aliyeambiwa aliondoka. Sheha hakuwa na bunduki wala jela. Alichokuwa nacho ni migongo yetu tukirudi nyumbani. Mkunga aliyajua hayo bila ya nguzo wala dari, na wala hakuwa na haja na dhamiri ya sheha. Aliniambia waziwazi kwamba haamini kama anayo.

Wiki ya tatu sheha alianza kutoka kwa mlango wa jikoni. Mtu mzima, mwenye kalamu tatu, anapenya uani kwa watu akiruka kamba za kuanikia nguo. Mke wake naye alianza kututolea maji ya kunywa, kisha mkeka. Siku moja tulimsikia nyuma ya pazia:

"Huyu ndiye aliyemkata kitovu mwanao, leo humjui? Mimi unanijua?"

Asubuhi iliyofuata ikaja gari ya polisi. Askari aliyeshuka alikuwa na umri wa wanangu.

"Mkusanyiko huu hauna kibali," alisema.

"Hujanamkia," mkunga akajibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hatukukusanyika, mwanangu. Tunangoja zamu. Kila mtu na haja yake."

Askari alikuwa ametumwa, na aliyetumwa hasikii. Alitutaka tupande gari. Mkunga alinyanyuka, akajitengeneza buibui lake, akapanda. Wengine watatu wakamfuata bila ya kusukumwa.

Mimi nilizikusanya kofia zangu nikasema kwa sauti kwamba nimeacha chungu motoni. Hapakuwa na chungu. Nilitembea upesi, na nilipofika kwangu nikatia komeo.

Waliachiwa kabla ya alasiri, na kesho yake wakarudi barazani, mara hii wakiwa wengi kuliko kwanza. Mke wa sheha alitoka akakaa nao juu ya mkeka, mchana kweupe, mbele ya mlango wa mumewe. Siku ya tatu sheha akafungua droo yake, akatoa karatasi na muhuri.

Siku hiyo nilikuwepo. Habari njema zina miguu myepesi, nami pia. Nilisimama mwisho wa mstari nikamsikia akimuuliza mkunga, "Jina lako nani?"

Mkunga akamtajia herufi moja moja, taratibu, kama anamfundisha mtoto wa chuoni anayeanza alifu. Kisha jina la baba, kisha la babu. Sheha aliporuka herufi, mkunga alimrudisha. Nilipotoka na barua yangu mkononi, mkunga akaniuliza kama chungu kiliungua.

Tulijiandikisha, tukapiga kura. Sheha hakuadhibiwa. Alihamishiwa ofisi nyingine, yenye kiti kizuri zaidi, na hadi leo anakula kwenye khitma za watu. Aliyekuja baada yake anatujua sote kwa majina, na anapotukosea hutukosea kwa njia nyingine.

Mwaka jana binamu alimwalika mkunga aje azungumze kwenye warsha. Mkunga alikataa, akasema alikwisha kukaa vya kutosha. Nikaenda mimi. Ukumbini palikuwa na baridi ya mashine, na watu waliandika kila nilichosema. Niliwaeleza salamu, mkeka, askari. Nilipofika kwenye gari nilisema, "Tukachukuliwa." Wakapiga makofi. Niliweka mkono kifuani nikawashukuru.