Gauni la Neti Angani

Juzi niliunguza neti ya gauni la mwanangu kwa pasi. Wifi yangu ndiye aliyesisitiza mtoto avishwe gauni la neti, eti anapanda ndege. Ile harufu ya plastiki iliyoungua ikanirudisha Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar, chumba chetu cha uani, nina miaka minane, ndege zinapita juu ya bati mpaka vikombe vinalia kabatini.

Asubuhi moja simu ilitoka Mtwara: bibi, mzaa mama, amefariki, maziko alasiri. Mjomba akatukatia tiketi. Mama alikuwa kajifunga khanga, kandambili miguuni, macho yamevimba, tayari kuondoka. Ndipo akaingia jirani yetu, Mama Zuhura, aliyewahi kupanda ndege mara moja kwenda Unguja na tangu siku hiyo akawa mwalimu wa mtaa mzima.

"We shoga, unakwenda hivyo? Watakurudisha mlangoni! Kule siyo sokoni."

Mama akaamini. Tuliishi chini ya ndege, lakini ndani hatukuwahi kuingia. Khanga zikatupwa kwenye begi kubwa. Akavaa gauni lake la harusini, lenye shanga za kumetameta, na viatu vya kisigino, na rangi ya mdomo. Mie nikavishwa gauni la Idi, neti inanichoma kwapani. Mama Zuhura akatupa masharti: msiongee kwa sauti, msiombe soda ya pili, na kulia ndiyo kabisa, msithubutu.

Nikachanganyikiwa. Msibani watu hawaendi na nguo za harusi, hata mtoto analijua hilo. Basi nikaamua mwenyewe: bibi amepona.

Ndani ya ndege mama alikaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Mhudumu alipompa juisi akatabasamu, "Ahsante sana." Nikazidi kuamini. Ng'ambo ya njia baba mmoja wa kaptula alikuwa kavua yeboyebo, kapandisha mguu kwenye kiti, anakoroma.

"Mama, mbona yule hawakumrudisha?"

Mama akamtazama yule baba muda mrefu. Akaanza kujifuta rangi ya mdomo kwa kiganja.

Tulipotua, mabegi yakachelewa, na khanga zilikuwa humo. Mama aliangalia saa ya ukutani, akaangalia mlango, akanishika mkono. Begi tukaliacha.

Nyumbani kwa bibi wanaume walishasimama tayari kubeba jeneza. Mama akavua viatu, akakimbia peku, shanga zinadondoka mchangani. Mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja, akamsimamisha mbele ya watu.

"Harusi ya nani umekuja kuicheza?"

Wanawake wakaguna. Mama alisema tu, "Dada, nifunulie nimwone." Akafunuliwa. Ndipo na mie nikajua bibi hakupona.

Kwa miaka mingi nilimwonea haya mama yangu kwa siku ile. Sasa mie ni mama, na hasira zangu zimehamia kwingine. Lile tabasamu la juisi lilikuwa kilio kilichobanwa, anaogopa watamshusha kwa sheria ambayo hakuna mtu aliyeiweka! Angesubiri begi, angeingia msibani na heshima zake zote, na uso wa mama yake asingeuona.

Mpaka leo mama mkubwa anamsimanga kwa zile shanga, na mama hajawahi kujitetea. Ninayejua habari ya begi ni mie. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Kesho mwanangu anapanda ndege na dera lake la kushindia. Tunakwenda Mtwara. Mama mkubwa atanisikia.