Mama Mkwe wa Binti Yangu Ananiuguza Mguu Bila Kujua Mimi Ni Nani

Admin, ukiposti hii tafadhali toa jina langu na la mtaa, maana binti yangu husoma hapa. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja, naishi Eldoret, na napika chapati katika hoteli ndogo karibu na soko. Kazi yangu ni kusimama. Nimesimama mbele ya jiko tangu huyo binti, mtoto wangu wa pekee, akiwa darasa la kwanza mpaka akamaliza chuo, na sijisifu, lakini chapati zangu hakuna anayekula moja akaondoka.

Mishipa ya miguu ilianza kuvimba na kujipinda zamani, nikaipuuza. Halafu juu ya kifundo cha mguu wa kushoto kikatokea kidonda kilichogoma kupona. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikafungua dawa za kapsuli nikamwagia unga wake, nikapaka kila kitu majirani walichonielekeza. Kikazidi kupanuka, kikawa kinatoa maji na harufu. Nikiingia mahali, watu walifungua dirisha wakijifanya ni joto, na Eldoret hii yetu mnajua ilivyo na baridi.

Mwaka jana binti yangu alipata mchumba, kijana mpole wa familia ya wakulima wa Ainabkoi. Kabla wazazi wa kijana hawajaja kujitambulisha, binti alikuja kwangu na hata hakuketi.

"Mum, please usiskie vibaya. Wageni watakuja kwa Mama Mdogo. Na yeye ndio atasimama kama mama yangu. Ni hiyo mguu tu, Mum. Si wewe."

Mama Mdogo ni dada yangu anayenifuata, mwalimu mwenye nyumba nzuri. Nilipompigia simu akaniambia, "Kwani kwetu mama mdogo si mama? Hapo hatujadanganya mtu." Ni kweli, sisi Waluhya mtoto wa dada yako ni wako. Lakini mimi nilidhani desturi hiyo ni ya kumwongezea mtoto mama, sio ya kumpunguzia. Nikauliza tu mimi nitakaa wapi. Wakasema jikoni, kwa sababu wageni watataka chapati.

Siku hiyo nilikanda unga nikilia. Kupitia mlango wa jikoni niliwasikia wageni wakimwomba mama wa msichana asimame afunikwe blanketi walilomletea. Dada yangu akasimama, akafunikwa, vigelegele vikapigwa. Na mimi nikapiga, mikono ikiwa na unga. Mpaka leo sijui kwa nini nilipiga, ila roho yangu ilikuwa inavunjika.

Baada ya chakula, mama wa kijana akaja jikoni kushukuru wapishi. Alinikuta nimeinua mguu juu ya kreti ya soda. Nikajaribu kuushusha haraka.

"Wacha hapo hapo juu," akasema. Akavuta kiti, akapandisha rinda lake, akanionyesha soksi ndefu ya kubana, na chini yake kovu la kidonda kilichofunga. "Hii yangu ilinisumbua mpaka nikaacha kwenda church. Wewe nani anakufunga?"

"Najifunga tu."

"Aki pole, mama. Na wewe ni nani wa bibi arusi?"

Nikajibu, "Mimi ni auntie." Hakuna aliyenilazimisha, ni mdomo wangu mwenyewe.

Mama huyo hakuniacha. Alinipeleka kliniki alikotibiwa yeye. Nesi akaeleza kwamba mishipa yangu imelegea, damu inashuka lakini kurudi juu ni shida, ndiyo maana dawa za kupaka hazikunisaidia. Akapima kwanza kama damu inafika vizuri kwenye vidole, kisha akanifunga bandeji za kubana kutoka vidoleni mpaka chini ya goti. Kila wiki nikienda kubadilishiwa, mama huyo ananingoja kwenye benchi na chupa ya mursik, maziwa ya mgando aliyoyagandisha mwenyewe nyumbani kwake. Alikwenda mpaka hotelini akamwambia tajiri wangu aninunulie stuli, na tajiri akanunua. Sasa kidonda kimebaki kama ukucha, na daktari anasema kikifunga kabisa watatibu mishipa yenyewe. Harufu iliisha kitambo. Binti yangu hajui, kwa sababu hajanikaribia.

Juzi kwenye benchi mama huyo akaniambia, "Siku ya harusi nataka ukae na mimi, tuinue miguu pamoja, hawa wengine watajua wenyewe. Hiyo mama ya msichana hajawahi kunipigia hata salamu. Saa zingine naona heri ingekuwa ni wewe."

Niliinama nikajifanya narekebisha bandeji. Mtu aliyenishika mguu huu wakati mtoto wangu mwenyewe alikuwa anauficha machoni pa wageni, na mimi ninamdanganya kila wiki nikinywa maziwa yake!

Nilimpigia binti yangu nikamweleza. Akalia. "Mum, ukisema saa hii watasema nimetoka kwa watu waongo. Ngoja tu harusi ipite." Namwelewa, na bado nampenda, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nikisema, huenda nikamvunjia ndoa. Nikinyamaza, mama huyu atakuja kujua siku moja, na sitakuwa na uso wa kumtazama.

Harusi ni mwezi ujao. Nitakuwa nimeketi kando ya mama huyu kanisani, mguu umepona, na pasta atasema mama wa bibi arusi asimame. Maisha yangu yote nimesimama kwa ajili ya huyu mtoto. Nishaurini ndugu zangu, siku hiyo nisimame, au nikae?