Puma Juu ya Mti, na Mama Zizini

Kazi yangu Doha ilikuwa kusimama mlangoni mwa duka la vifaa vya umeme, mtaa wa Abu Hamour, nikiangalia nani anatoka na boksi asilolilipia. Wezi hawakuja. Kwa hiyo nikawa natazama ukuta wa televisheni uliokuwa mbele yangu, kubwa kwa ndogo, zote zikionyesha picha ile ile kwa wakati mmoja bila sauti. Wenye duka waliweka filamu za wanyama kwa sababu ya rangi. Mteja akiona manyoya ya mnyama yanahesabika, haulizi bei mara mbili.

Msimu ule filamu ilikuwa moja tu, ikifika mwisho inaanza upya. Ilikuwa nchi ya theluji na milima, na paka mkubwa wa rangi ya mchanga, hana madoa wala manyoya ya shingoni. Mimi ni mtoto wa Kondoa, nimekulia vilimani kati ya chui na fisi, na mnyama yule sikumjua. Mpakiaji wetu, Mnepali wa makamo aliyekuwa akibeba majokofu mgongoni bila kulalamika, ndiye aliyeniambia anaitwa puma.

Filamu bila sauti inakulazimisha ufikiri mwenyewe, na mimi kwa udadisi sijambo; mama husema nilizaliwa nikiuliza. Puma yule alikuwa jike mwenye watoto wawili. Anamnyatia kulungu, anamkaba shingo, anamburuta hadi chini ya mti, kisha anamfukia kwa theluji na kwenda kuwaita watoto. Kabla hawajala wakashiba, wanafika mbwa mwitu. Si wale wa kwetu wenye madoa na masikio mapana. Hawa ni wa kijivu, warefu wa miguu, wanakuja kundi zima bila haraka, kama watu walioalikwa. Watoto wanakimbilia majabalini. Mama yao anapanda mti, anakaa juu ya tawi, na kutoka pale anatazama chakula chake kikiisha.

Nilimkasirikia yule puma. Ana makucha, ana meno, mbona hashuki? Nilikaa na swali hilo siku nyingi, nikilibeba hadi ndani ya basi la kampuni la kuturudisha kempu, kwenye mabweni ya wafanyakazi kule Industrial Area. Jibu nililipata mwenyewe pale mlangoni. Mbwa mwitu akivunjika mguu, kundi litamwindia. Puma akivunjika mguu, watoto wake ndio wamekwisha. Mbele kidogo kwenye filamu puma yule yule anakutana na mbwa mwitu aliye peke yake karibu na majabali, na mara hii anayekimbia ni mbwa. Kumbe si suala la nani ana nguvu. Penye tambarare nchi ni ya kundi, penye majabali na miti nchi ni ya paka, na kila mmoja anaishi akimsikilizia mwenzake. Tena puma akishanyang'anywa, inambidi aue upya mapema kuliko alivyokusudia, maana njaa ya watoto haijui habari za wizi.

Kipande nilichokipenda zaidi kilikuwa cha mwisho. Wanakuja watu wenye makoti mazito. Theluji yote imejaa nyayo za mbwa mwitu, mifupa imetafunwa, na yeyote aliyechelewa kufika angeapa kwamba mbwa mwitu ndio walioua. Lakini mmoja anapiga magoti, anageuza shingo ya kulungu na kuonyesha matundu ya meno. Halafu anainua uso, anatazama juu ya mti. Kila mara alipofika hapo nilitamani kumpigia makofi.

Mnepali naye aliipenda. Kwao milimani, alisema, kuna chui wa theluji na kuna mbwa mwitu, na baba yake alifuga mbuzi katikati ya hao wawili. Tulizungumza lugha ya kempu, Kihindi nusu, Kiarabu robo, mikono ikamalizia. Alinifundisha kwamba mbwa mwitu unamsikia kabla hujamwona, na chui unamwona akishaondoka.

Basi siku zile zile nyumbani mbuzi walikuwa wakiisha. Mama ni mjane, anaishi na dada yangu, na mbuzi wale ndio shughuli yake na fahari yake. Dada alinitumia ujumbe wa sauti mara kwa mara: asubuhi mbuzi mmoja hayupo, nje ya zizi kuna mifupa na nyayo za fisi kila upande, ua uko vile vile, haujabomolewa hata mwiba. Kwetu jambo kama hilo lina maelezo yake. Kuna fisi wa porini na kuna fisi wa watu, wanaofugwa na kutumwa na wenye mambo yao, na wa aina hiyo hahitaji tundu ili aingie. Kijiji kizima kiliridhika na maelezo hayo. Hata hivyo walipanga mawe chini ya ua, kwa tahadhari, na mama akahamishia mkeka wake zizini. Analala humo na tochi na panga. Nilikuwa na wasiwasi, lakini wa kawaida. Fisi humwogopa mtu aliyeamka, na mama yangu akiamka hata mimi humwogopa.

Ijumaa moja, tumekaa juu ya maboksi nyuma ya duka tukila wali, picha ikaingia kwenye simu. Ni ya mbuzi mwingine aliyeliwa, dada ameipiga asubuhi ile. Mama alisikia kishindo usiku, akawasha tochi, akaona mbuzi wamejibana kona moja na hakuna kitu kingine. Nilimpa Mnepali simu atazame. Aliikuza, akaipunguza, akaikuza tena.

"Ua umevunjika?"

Nikamwambia haujavunjika.

"Sasa mbuzi alitokaje?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari za fisi wa watu, nikakuta sina namna ya kuisema kwa Kihindi. Nilijaribu kwa mikono, nikajiona naonyesha mnyama anayepita ukutani kama moshi, na yeye ananitazama kwa upole, kijiko kimesimama hewani. Hapo nikaisikia hoja yangu mwenyewe ilivyo. Mnepali akainua kidevu.

"Juu ya zizi kuna nini?"

Juu ya zizi kuna mgunga. Marehemu baba alilijenga pale kwa ajili ya kivuli, na tawi lake moja nene limeupita ua na kuingia ndani. Nikaweka kijiko chini. Nilielewa kwamba wiki zote zile nilikuwa nikitazama jibu likirudiwa kwenye televisheni zote za dukani, huku mama yangu amelala chini yake.

Saa za Doha na za kwetu ni zile zile, kwa hiyo nilijua ndiyo kwanza wametoka kula. Nilipiga. Niliposema si fisi, ni chui, na fisi wanafuata mabaki tu, mama alicheka sana.

"Mimi nimelala na mbuzi kabla hujazaliwa," akasema. "Wewe unalinda televisheni."

"Mama, shikamoo yangu ipokee, lakini mwambie dada apande kwenye mgunga. Sasa hivi, wakati bado nakusikia."

Nikamsikia akimwita dada. Nikasikia hatua, mbuzi wakilia, dada akihema. Halafu sauti ya dada kwa mbali: gome limechanwa kwa makucha, kuanzia chini hadi kwenye lile tawi, na kwenye panda manyoya ya mbuzi yamenasa. Mama akamuuliza tawi limeishia wapi. Nikasikia majani yakichakarika, dada akisogea juu ya tawi.

"Juu ya mkeka wako, mama."

Nikamsikia dada akishuka mtini. Kisha mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaniuliza kama huyo chui ana watoto. Nikamwambia sijui, ila anarudi upesi hivyo kwa sababu fisi wanamlia chakula chake.

"Kumbe tulikuwa tunawalisha wote," akasema. Akaniambia, baba, nenda kazini, leo nitalala ndani.

Jioni dada alinitumia picha. Tawi lilikuwa limekatwa, liko chini, refu kuliko nilivyolikumbuka. Lilikuwa limeufunika mkeka wote, na kanga anayoikunja mama kuwa mto ilionekana kidogo kati ya majani. Nilikaa kitandani kempu nikiikuza na kuipunguza picha ile, watu wa chumba wakidhani nimefiwa.

Kesho yake filamu ilianza upya kama kawaida. Ilipofika pale puma anapokaa juu ya tawi na kutazama chini, nilishindwa. Niligeuka nikaipa mgongo, na siku ile nzima nililinda mlango.