Mama Apar na Kompyuta ya Wageni

Tulimwita Mama Apar, yaani kumi kwa Kidholuo, kwa sababu mistari ya programu ya kompyuta aliipa namba kumi, ishirini, thelathini, akiacha nafasi katikati ya kuingiza hatua iliyosahaulika. Alikuwa karani mpiga chapa wa shule yetu ya wasichana mjini Kisumu, mwaka 1991. Baada ya masomo aliwafundisha wasichana kuandika programu kwa penseli, kisha kuzifuata kwa kidole, polepole, kana kwamba kidole ndicho mashine. Maana kompyuta tuliyoletewa na wafadhili ilikaa ofisini kwa mkuu, chini ya kitambaa cha kufuma, ikingoja wageni. Miaka miwili, kidole juu ya karatasi!

Juma la mwisho la wasichana hao shuleni, Mama Apar alimwomba mkuu waitumie saa moja tu.

"Waiharibu? Wewe waandikie wafadhili kwamba wanafunzi wanaitumia kila siku."

"Kila siku, Bwana Mkuu? Hata kuiwasha hawajui."

"Chapa, Mama!"

Alichapa kwa utulivu wake wa kawaida, bila kukosea herufi: kompyuta ni salama, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuigusa. Akaichomoa karatasi, akatenganisha nakala ya kaboni, akaiweka barua mezani kwa mkuu itiwe sahihi.