Shukrani za Bi Somoe kwa Wateja Wake

Asubuhi moja ya Oktoba 2008, foleni ya wanaume watu wazima ilizunguka nyumba ya intaneti karibu na posta ya Mtwara. Wengine kofia zimeshuka mpaka puani. Mmoja alijifunika mwavuli, na mvua zilikuwa hazijatoa hata harufu.

Hakuna hata mmoja aliyejua kuwasha kompyuta.

Wote walitaka dada wa kaunta awafungulie kitu kimoja tu: tovuti ya Bi Somoe. Na kila aliyetoka mle ndani alitoka kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Vuta kiti nikupe mkasa.

Somoe alikuwa na kiduka Magomeni, palepale Mtwara mjini. Shanga za kiunoni, udi, liwa, mambo ya kina mama. Lakini kilichompa jina ni ukungwi. Kutoka mjini mpaka Kitaya, mzazi akitaka binti yake achezwe unyago wa heshima, anamwita Somoe.

Unyago wenyewe unaujua. Kinachosemwa kibandani hakitoki nje. Kungwi mwenye mdomo hapati mwali wa pili.

Sasa, chini ya meza ya shanga kulikuwa na unga. Unga wa mizizi, wa kurudisha heshima ya ndoa.

Wateja wa unga huo ni wanaume, na mwanaume gani mwenye akili zake ataingia duka la shanga mchana kweupe?

Ndipo Somoe akamtafuta Godfrey, karani wa bandarini, mtu wa Mbeya, aliyejifunza mambo ya tovuti kwa kubofyabofya tu. Godfrey akamtengenezea mahali mtu anajaza jina, kijiji na anachotaka, na asiyejua kompyuta anajaziwa na dada wa kaunta. Mzigo unafungwa kwenye gazeti, anapewa kondakta wa basi, kwisha habari. Hakuna kutazamana usoni.

Biashara ikawaka moto.

Hapo ndipo Somoe akaharibu. Na hakuharibu kwa ujinga. Aliharibu kwa adabu.

Huku kwetu mwali akitolewa nje, watu wanatunza. Atakayetoa khanga, atakayetoa kuku, anatajwa kwenye kipaza sauti: jina lake, kijiji chake, alichotoa. Ukimruka mmoja, ananuna mpaka msimu ujao. Somoe akawaza, wateja wote hawa wananitunza, nami nimekaa kimya kama sikulelewa?

Akamwagiza Godfrey aweke ukurasa wa shukrani.

"Niwataje wote, mama?"

"Wote. Na vijiji vyao, na walichochukua. Unataka niitwe fedhuli?"

Godfrey hajawahi kuhudhuria ngoma yetu hata moja. Akaona mwenye mali kasema. Akapanga mambo yake, kila anayejaza, jina linarukia ukurasani lenyewe. Pembeni maua, juu maandishi mekundu: TUNAWASHUKURU SANA.

Jamaa mmoja mzaliwa wa Madimba akaufungua akiwa ofisini kwake Dar es Salaam. Akacheka mpaka akapiga simu nyumbani.

Basi. Kimenuka.

Ukurasa ukachapwa, ukatolewa kopi, karatasi ikafika Kitaya kabla hata hujamaliza kuvaa viatu. Muadhini alikuwemo. Katekista alikuwemo. Wawili hao walikuwa hawaivi chungu kimoja, lakini wiki ile walisalimiana kwa upole mpaka watu wakaogopa.

Somoe alipoelewa alichofanya, alikaa chini palepale dukani, kwenye gunia la liwa. Godfrey akaja mbio kutoka bandarini, akaufuta ukurasa, akamwambia mambo yamekwisha.

"Na karatasi nazo zimefutika?" Somoe akamuuliza.

Godfrey akapendekeza ukurasa urudishwe, waongezwe wanaume wengine wengi wasiohusika, ili asijulikane nani kanunua na nani kabambikiwa. Mawazo ya mtu aliyezoea kuchanganya mizigo ghalani.

"Nimeshawachafua waliokuja," Somoe akasema. "Nikawachafue na wasiokuja?"

Lakini si aibu ya wanaume iliyomkosesha usingizi. Kilichomtisha kilitoka Mahurunga.

Kule kulikuwa na Amina, mke wa Mohamedi, karani wa chama cha korosho. Binti yao alikuwa achezwe Desemba, na Somoe ndiye aliyekuwa ameombwa. Sasa Mohamedi naye alikuwa kwenye karatasi, jina, kijiji, unga, vyote. Wakulima walimtania palepale kwenye kupima korosho.

"Karani, mizani yako leo imesimama, au nayo inasubiri basi la mjini?"

Mohamedi aliapa kwamba hajawahi kuagiza hicho kitu. Alivyozidi kuapa, ndivyo walivyozidi kushika mbavu.

Amina akatuma neno mjini: kama siri ya unga imemshinda, ya binti yangu ataiweka wapi? Na kina mama wengine wote walikuwa wanamwangalia yeye. Amina akimwondoa binti yake, ukungwi wa Somoe umezikwa, na mwenyewe ataachwa auze udi mpaka afe.

Amina akatokea dukani Jumatatu. Hakuagiza mtu, alikuja kwa miguu yake. Alisalimia, akaketi, akakataa maji.

"Somo yangu, nina swali moja. Mume wangu alinunua, hakununua?"

Somoe akasema, kumtaja lilikuwa kosa lake, na yuko tayari kuomba radhi mbele ya kijiji kizima. Lakini nani kanunua, nani hakununua, hilo halitoki tena kinywani mwake.

"Mimi ni mkewe."

"Najua."

"Basi niambie, yaishe. Usiponiambia, mwanangu nampeleka kwa kungwi mwingine leo hii. Na unajua wenzangu watafuata."

Somoe alizitazama shanga zake zilivyoning'inia. Mabinti hao ambao sasa wangepelekwa kwingine, alikuwa amewacheza mama zao na dada zao. Jibu lenyewe lilikuwa dogo, ndiyo au hapana, na lilikuwa limeshasambaa kwenye karatasi nchi nzima. Angelisema, angepoteza nini?

"Mpeleke," akasema. "Nitakupa na ngoma zangu uende nazo."

Amina akavuta ushungi, akaanza kucheka taratibu, mabega yanaruka.

"Sasa nipe hayo maji."

Akanywa, akasogeza kiti.

"Aliyeagiza ni mimi."

Siku aliyokuja mjini kliniki, alipita intaneti, dada wa kaunta akamjazia. Alipoulizwa jina, akataja la mumewe, kama hospitali, cheti kinaandikwa jina la mgonjwa. Mzigo akaupokea yeye kwa kondakta. Unga akaukoroga kwenye uji wa asubuhi, na Mohamedi akawa anasifia uji.

"Hajui chochote?" Somoe akauliza.

"Anajua ametiliwa iliki. Sasa kesho anakuja kwako kukubana umtajie aliyeandika jina lake. Nilitaka nijue utamjibu nini."

Kesho yake Mohamedi akaja kweli, kavaa koti la vikao. Akataka jina la mtu. Akataja polisi. Akataja mahakama, na nyingine ambayo sidhani kama ipo.

Somoe akamwomba radhi, akarudia, akainama kabisa. Kisha akamwambia kwamba aliyeandika hatamtaja, na kama ni polisi, basi waongozane, yeye anafunga duka.

Mohamedi akapiga meza mpaka shanga zikalia. Mama wa watu hakutikisika.

Akaenda mpaka mlangoni. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Akarudi.

"Na hiyo dawa yenyewe," akasema kwa sauti ya chini, "ipo?"

Hapo Somoe alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu tayari anakunywa kwenye uji kila asubuhi. Akiongeza na hii, wiki nzima hataweza kuketi mbele ya wakulima. Kumwambia hawezi. Kumnyima, atauliza kwa nini.

Akaingia nyuma, jikoni kwake, akachota unga wa muhogo wa ugali wa mchana, akaufunga kwenye gazeti vizuri.

"Huu ni zawadi," akamwambia. "Kijiko kimoja kabla ya kulala. Usimwambie mkeo."

Jioni ile alimwita Godfrey, akamuuliza jina la mteja linawasaidia nini hasa. Godfrey akakiri kwamba haliwasaidii kitu. Kuanzia siku hiyo tovuti ikawa inampa mtu namba tu, kondakta anauliza namba, na mzigo ukipokelewa Godfrey anaifuta. Ndani kukawekwa nywila, na nywila hiyo Somoe aliikariri kama anavyokariri nyimbo za unyago.

Desemba binti alichezwa, na aliyemcheza ni Somoe.

Utaniuliza, babu, wewe haya yote umeyajuaje, kama huyo mama hasemi?

Karani wa korosho mwenyewe ni mimi.

Somoe hajaniambia neno mpaka leo, na nimemchokoza mara nyingi. Yaliyokuwa kichwani mwake nimeyajazia mwenyewe, sina kazi, ni mstaafu. Mengine kaniambia Amina, nilipolalamika kwamba uji wa siku hizi hauna ladha. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia na habari ya muhogo, maana aliukuta chini ya godoro, akauonja, akaujua.

Basi wewe mwenye duka mtandaoni, sikia la mzee. Usimwulize mteja jina kama namba inatosha. Ukishamwuliza, lifungie. Ukitaka kumshukuru, mfungie mzigo wake vizuri, inatosha.

Na ule muhogo, asikudanganye mtu, ulifanya kazi.