Mkate Niliosifiwa Bila Kuupika

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, juzi nilishukuriwa kwa chakula ambacho sikukigusa.

Kilipopikwa, mimi nilikuwa kitandani.

Binti yangu ana mimba ya miezi minne, na kila anachokula kinarudi. Daktari alisema akizidi kupungua, atalazwa.

Mume wake ni mpishi wa hoteli. Mimi humwita Shefu, tena nikiwa nimebana pua.

Ana mapozi huyo! Yai moja analipamba kwa majani matatu, anayashika kwa kibanio kama anayechomoa mwiba.

Binti akiona sahani tu: "Toa! Inanuka hoteli!" Mbio chooni.

Mimi sina mbwembwe. Slesi mbili za mkate nazipaka siagi kwa nje. Ndani naweka mayai ya kukaanga, kitunguu na viazi vya jana nilivyoponda. Nikishauweka kikaangoni, naukandamiza kwa birika lililojaa maji ya moto, mpaka mkate uwe mkavu wa kahawia.

Shefu akachungulia. "Mama, hicho ni kifungua kinywa au tofali?"

"Tofali linashibisha, baba. Wewe endelea kulisha macho."

Binti akala nusu. Haikurudi.

Nikamtazama Shefu toka juu mpaka chini, kama uchafu ulioingia na viatu.

Basi juzi goti likanikamata, nikachelewa kuamka. Natoka chumbani, namkuta binti anajipangusa makombo.

"Asante mama! Leo nimemaliza wote."

Nikajikokota mpaka jikoni.

Birika lina siagi kwenye kitako. Shefu kasimama na sare ya kazi, kiganja kakitumbukiza kwenye maji baridi.

"Umeungua wapi?"

"Kazini, mama."

"Kazini si ndiyo kwanza unaenda?"

Akashusha sauti. "Birika liliteleza. Usimwambie. Akijua nimepika mimi, atasikia harufu ya hoteli. Mwache ajue ni wewe."

Jamani! Kapika tofali, kaungua, na sifa kanipa mimi niliyemfanya takataka.

Nikamfunga kitambaa taratibu. "Kesho, Shefu, nitakuonyesha namna ya kulishika birika."

Safari hii sikubana pua.

Wajukuu zangu, kabla hujamdharau mtu, mwangalie kwanza anavyofanya akidhani haonekani. Mimi bila goti bovu nisingejua.