Hadi Darajani

"Na huyo mwenyeji wako, alikusindikiza hadi wapi?"

Mama aliniuliza hivyo siku niliyorudi, kabla sijavua viatu. Hakuuliza kuhusu ndege wala baridi, wala kama Wajerumani wanakula ugali. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu juzi juzi, nina jibu la kila swali na swali juu ya kila jibu, lakini hilo lilinishinda. Niliinama nikajifanya nafungua kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafunguka zenyewe.

Kwa mama yangu halikuwa swali dogo. Nyumbani kwetu, mtaa wa Umoja jijini, mgeni haondoki ghafla. Akisema, "Basi wacha niende," mama humwambia, "Kaa kidogo." Akisimama, mama naye anakwenda kutafuta viatu. Kisha anamnyang'anya mgeni mfuko, anaubeba yeye, na wanatoka pamoja. Wanasimama kwa muuza mboga, wanasimama mbele ya kinyozi, wanasimama tena mahali pasipo na sababu yoyote ya kusimama. Yaliyoshindikana kusemwa sebuleni husemwa hapo. Mwisho wao ni daraja la watembea kwa miguu linalovuka Outer Ring Road. Mama havuki. Anabaki upande wetu, anarudisha mfuko, na mfuko huo huwa mzito kuliko ulivyokuja, kwa sababu ameshatia ndizi ndani, au nusu mkate. Halafu anangoja mgeni apande ngazi, avuke, ashuke, ageuke na kupunga mkono. Ndipo anarudi nyumbani.

Mimi niliona ni kupoteza wakati. Nilimwambia hivyo mara nyingi.

"Kama mna mengi ya kuongea, si muongee mkiwa mmekaa?"

"Tukiwa tumekaa," alisema, "kuna wewe unasikiliza."

Mwaka niliomaliza chuo, kikundi chetu cha ngoma kilialikwa Ujerumani kwa wiki tatu. Tulikuwa watu kumi na wawili, na kila mmoja angekaa na familia yake katika mji mdogo ulio kando ya mto. Barua ya mwaliko ilisema tunakwenda kubadilishana utamaduni. Nilisimamisha mazoezi nikauliza, utamaduni upi? Mimi nimezaliwa Umoja. Ngoma tuliyokuwa tukiicheza nilifundishwa na mpiga ngoma wetu, kijana aliyekulia Mukuru kwa Njenga, ambaye wazazi wake walitoka magharibi mwa nchi kuja kutafuta kazi za viwandani. Na yeye nusu yake alikuwa ameitoa kwenye video.

"Msomi," aliniambia bila kuacha kupiga, "cheza kwanza. Utauliza tukishatua."

Tulipotua tulipewa ratiba, karatasi nzuri yenye rangi. Kuamka, mazoezi, kutembelea shule, chakula. Chini kabisa, kila siku, paliandikwa: "Jioni na familia, saa kumi na mbili hadi saa mbili." Niliisoma mara tatu. Wenzangu waliicheka tu wakaikunja. Mimi nilikaa nayo. Kwa wiki tatu nzima nilikuwa na swali moja ambalo niliona aibu kumuuliza mtu: kama karatasi hii isingekuwepo, kuna yeyote hapa ambaye angetaka kukaa nami?

Mwenyeji wangu alikuwa mjane, karani wa posta aliyestaafu, mwenye nyonga mbovu na fimbo ya mti mweusi. Hakuwa na gari. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, kila neno akilipima kwanza. Nilimwita Shosho, kama tunavyowaita bibi zetu, naye akaliandika neno hilo kwenye kikaratasi akakibandika mlangoni mwa friji ili asilisahau.

Nilimpa kiondo, kikapu ambacho mama alikuwa amekisuka mwenyewe, chenye mistari ya kijani na zambarau. Nilitegemea atakiweka kwenye kabati la vioo, pamoja na sahani zake za maua. Alikitundika kwenye msumari kando ya mlango, katikati ya miavuli. Nililiweka moyoni.

Halafu kulikuwa na chai. Nilimwambia sisi huchemsha maziwa na majani pamoja. Siku ya kwanza chai ilifurika ikazima moto. Siku ya pili ilishika chini ya sufuria, nyumba ikanuka hadi jioni. Siku ya tatu nilishuka ngazi nikamkuta amesimama juu ya sufuria na kijiko, ameegemea jiko kwa ule upande mzima, haondoi macho. Ilikuwa chai kabisa. Nilikunywa vikombe viwili huku nikijiuliza kama chai nayo iko kwenye ratiba.

Jioni moja nilimsimulia jinsi mama anavyosindikiza wageni. Nilifanya mzaha. Nilichukua fimbo yake na mkoba wake nikavuka sebule nikimwigiza mama, nikisimama kila hatua tatu kumsengenya jirani. Shosho alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza:

"Na kwenye daraja, havuki?"

"Havuki. Anasimama upande wetu."

"Na mfuko?"

"Anaurudisha hapo hapo, na kitu ndani."

"Kwa nini darajani?"

"Sijui," nilisema. "Ndipo anapoishia."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa namna ya kumeza dawa. Tukaendelea kula.

Siku ya kuondoka, ratiba ilisema: "Saa mbili kamili asubuhi, kuagana, uwanja wa kanisa." Niliposhuka na sanduku langu nilimkuta ameshavaa koti na viatu vya baridi. Chai ilikuwa tayari mezani, kikombe kimoja.

"Nenda na majirani," alisema. "Gari lao lina nafasi. Mimi nina mahali pa kwenda."

Alinipa mkono, basi. Nilipopita mlangoni nilitazama ule msumari. Miavuli ilikuwepo, kiondo hakikuwepo. Nikajiambia ameshakitia stoo. Mgeni ameisha, na vitu vyake vimeisha.

Uwanjani familia zote zilikuwa zimefika. Baba mmoja mnene alikuwa amemkumbatia mpiga ngoma wetu hataki kumwachilia, wote wawili wanalia na kuchekana kwa kulia. Mimi nilisimama kando ya sanduku nikitazama kona ya barabara. Huenda alitaka kunishtua. Huenda nyonga ilimchelewesha. Saa mbili kamili dereva akawasha basi. Niliketi upande wa kulia, nikavuta kofia ya sweta hadi kidevuni. Umepata jibu lako, nilijiambia.

Ndiyo maana mama aliponiuliza alinisindikiza hadi wapi, nilihangaika na kamba za viatu. Mwishowe nikasema:

"Nyonga inamsumbua."

"Basi alikuaga mlangoni."

"Mlangoni."

Mama alifikiri. "Kwa mwenye nyonga, mlangoni nako ni mbali. Umwandikie umshukuru."

Nilimwandikia mistari minne. Miezi miwili baadaye akajibu kwa kadi yenye picha ya mto. Alisema chai bado anaichemsha, siku hizi haifuriki. Kisha chini kabisa: "Samahani, mabasi yetu hayajui kusimama." Niliona ni mambo ya wazee, wanaandika chochote kinachowajia. Sikujibu.

Miaka mitano ilipita. Kikundi kilitawanyika, na mpiga ngoma akaajiriwa kwenye karakana ya milango ya chuma huko Industrial Area. Jumamosi moja alikuja kubadilisha bawaba za lango letu. Alipomaliza alinawa, akanywa chai, akasema, "Mathe, wacha niende." Mama akamwambia akae kidogo. Alipokaa kidogo mara mbili, mama alienda kutafuta viatu. Siku hizi natoka nao, kwa sababu mama hachukui tena mfuko mzito peke yake.

Tulipofika darajani mama alimrudishia mfuko wake wa vifaa. Kijana aliupima kwa mkono, akachungulia ndani, akaona maparachichi juu ya nyundo. Akacheka.

"Mathe, umenikumbusha yule shosho wa Ujerumani."

"Yupi?" niliuliza.

"Si yule wako. Ile siku tunatoka, alikuwa amesimama darajani, pale mji unapoishia. Amebeba kile kiondo chenu, kimejaa mpaka mkate unachungulia. Basi lilipofika karibu akakinyoosha hivi, kama anampa mtu. Tukampungia, basi likapita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala, msomi. Kofia mpaka hapa. Nikajua mmeshaagana nyumbani, nikuamshe ya nini?"

"Sikuwa nimelala," nilisema.

Aliniangalia, kicheko kikafifia usoni mwake. Watu walikuwa wakitupita wakipanda ngazi. Kutoka nyumba ya Shosho hadi ule mto mimi mwenyewe nilikuwa nikitembea nusu saa, na miguu yangu haina kasoro.

Mama hakuniangalia. Alimgeukia kijana, na sauti yake ilikuwa ile ya fundi anayeulizia kazi ya fundi mwenzake.

"Alikuwa amevuka?"

"Nani, mathe?"

"Huyo mama. Alisimama upande gani?"

Alifumba macho ili akumbuke vizuri.

"Upande wa mjini," alisema. "Hakuwa amevuka."